Kabla Belzoni hajaandika jina lake ukutani: Wazungu wa kwanza ndani ya piramidi za Giza (uzi mrefu)

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nilipokuwa nasoma Kairo niliingia mara mbili ndani ya piramidi ya Khafre, ile ya katikati, ambayo kileleni bado imevaa kofia ya mawe laini. Unainama hadi kiuno kinalalamika, unateremka, unanyooka kidogo, unainama tena na kupanda. Hewa ni nzito na ina harufu ya jasho la waliokutangulia. Halafu unatokea kwenye chumba kikubwa, na kabla hata hujaliona jeneza la jiwe lililozamishwa sakafuni, macho yanakwenda ukuta wa kusini. Kuna maandishi meusi makubwa, yamekwenda karibu urefu wote wa ukuta: "Scoperta da G. Belzoni. 2. mar. 1818." Imegunduliwa na G. Belzoni, tarehe 2 Machi 1818.

Siku ile wote tuliokuwamo tulipiga picha maandishi hayo. Nilikuja kusoma maelezo ya Belzoni mwenyewe baadaye, na ndipo nikajua kwamba siku ile ya 1818 alipoinua mshumaa alikuta tayari kuna maandishi ukutani. Yalikuwa ya Kiarabu, yakisema kwamba fundi Muhammad bin Ahmad, mvunja mawe, ndiye aliyefungua, na fundi Othman alikuwapo. Belzoni hakuficha, aliyachapisha kitabuni pamoja na tafsiri. Lakini neno lililobaki vichwani mwa watu ni lile la "scoperta".

Kwa hiyo nimeleta uzi huu. Nitaeleza Wazungu wa mwanzo walivyozifikia piramidi za Misri, walichofanya vizuri, walichoharibu, na watu waliokuwa mbele yao na kando yao wakiwa wameshika mitalimbo. Nitakwenda polepole, maana sipendi kusimulia jambo kubwa hili kwa mkato.

Tuanze na lililo wazi. Piramidi Kuu ya Khufu ilijengwa takriban miaka 4,500 iliyopita na ilikuwa na urefu wa kama mita 146 kwenda juu. Watalii wengi leo hawaingilii mlango wake wa asili, wanaingilia pango lililochimbwa chini kidogo, ambalo kwa mapokeo linahusishwa na Khalifa al-Maamun wa Baghdad, aliyefika Misri mwaka 832. Karibu mwaka 1200 tabibu Abdul-Latif al-Baghdadi alizitembelea piramidi na kuziandika kwa makini. Yeye ndiye aliyesimulia habari za mtoto wa Salahuddin, al-Malik al-Aziz, aliyeleta watu waibomoe piramidi ndogo ya Menkaure. Walikaa pale miezi 8, kwa siku waking'oa jiwe moja au mawili, mpaka fedha na nguvu vikaisha. Anasema ukitazama rundo la mawe chini utadhani piramidi yote imekwisha, ukiinua macho utaona kama haikuguswa. Ule mwanya ubavuni wa kaskazini bado upo, na ukipanda mchangani kidogo unauona vizuri.

Huku Ulaya, karne hizo hizo, wengi walikuwa wakiamini piramidi ni maghala ya Nabii Yusufu, yale ya kuwekea ngano ya miaka 7 ya njaa. Kwenye kanisa la Mtakatifu Marko, Venice, kuna mapambo ya vijiwe ya karne ya 13 yanayozionyesha hivyo. Simlaumu asiyewahi kufika. Lakini aliyekuwa akiingia ndani alijua mara moja kwamba ghala lenye mawe matupu na vyumba vitatu vidogo halihifadhi ngano ya taifa.

Naweka nukta hapo kwanza, nirudi na John Greaves, ambaye kwangu mimi ndiye mtu wa kweli wa mwanzo.

#2

Mkuu nimekaa mkao wa kusoma. Ila kabla hujaendelea: ni kweli Wazungu walikuwa wanakula maiti za Misri? Nilisikia nikaona ni uzushi.

#3 – Mleta uzi

Si uzushi, mkuu, na sisi Waswahili tuna ushahidi mdomoni mwetu. Neno mumiani unalijua. Kwetu watoto tulikatazwa kutembea usiku tusije tukanyonywa damu na mumiani. Lakini ukifungua kamusi za zamani za Kiswahili utakuta mumiani ni dawa, kitu cheusi kama utomvu, ambacho watu walidhani ni damu iliyogandishwa. Asili yake ni Uajemi: "mum" ni nta, na mumia ilikuwa lami ya asili iliyotoka milimani, ikitumika kutibu mivunjiko na majeraha.

Maiti za Misri zilipakwa mafuta na utomvu, zikawa nyeusi. Wafanyabiashara wakaona rangi inafanana, wakaanza kuuza maiti zenyewe kwa jina lile lile la dawa. Wauza dawa wa Ulaya wakawa wanazisaga. Ndiyo maana wengi wa wasafiri wa mwanzo shabaha yao haikuwa Giza, ilikuwa mashimo ya Saqqara, mwendo wa masaa machache kusini. Mwaka 1586 mfanyabiashara Mwingereza John Sanderson aliteremshwa kwa kamba kwenye mashimo hayo, akatembea juu ya maiti akiwa na mshumaa, na akaondoka na zaidi ya ratili 600 za vipande vya watu. Kiganja kimoja kidogo akampelekea ndugu yake aliyekuwa kiongozi wa kanisa huko Rochester. Daktari wa upasuaji wa Ufaransa Ambroise Paré aliandika mwaka 1582 kwamba dawa ile haina faida yoyote, lakini biashara iliendelea baada yake.

Hili linaniuma kuliko baruti nitakayoieleza mbele. Jiwe likivunjwa unaweza kulipanga tena, lakini watu wale walizikwa na ndugu zao kwa gharama na kwa machozi.

Sasa Greaves.

John Greaves alikuwa mwalimu wa jiometri katika Chuo cha Gresham, London. Alijifunza Kiarabu na Kiajemi, akawasoma waandishi wa Kiislamu waliozieleza piramidi, kisha akaenda mwenyewe Giza miaka ya 1638 na 1639. Wengi kabla yake walikuwa wamefika, wakapanda, wakashangaa, wakaandika namba za kukisia. Yeye alibeba ufito wa futi 10 uliogawanywa vipande vidogo sana, akapima.

Alihesabu ngazi za mawe kutoka chini hadi kileleni, yeye na wenzake wawili, wakapata 207, ingawa mmoja wao wakati wa kushuka alipata 208. Nampenda mtu anayeandika na ile ya pili. Ndani alikuta popo wakubwa waliomkera, akawaandika nao. Kitako cha piramidi alikosea, alipata futi 693 wakati urefu wa kweli wa upande mmoja ni kama mita 230, yaani futi 755. Chini pale palikuwa pamefukiwa na vifusi na mchanga, kona hazionekani. Asingeweza kujua.

Ila kwenye Chumba cha Mfalme, ambako hakuna mchanga wa kumdanganya, alipata urefu wa futi 34.38 na upana wa futi 17.19. Wakuu, zaidi ya miaka 240 baadaye Mwingereza Flinders Petrie, mchunguzi wa mambo ya kale, alipopima kwa vyombo vya kisasa zaidi tofauti ilikuwa ndogo kuliko upana wa kidole. Kitabu cha Greaves kilitoka mwaka 1646, na Isaac Newton akakichukua, akajiuliza: mafundi wa Misri hawakutumia futi za Kiingereza, sasa walitumia nini? Akaona kwamba ukigawanya urefu wa chumba kwa 20 na upana kwa 10 unapata kipimo kimoja, futi 1.719. Hiyo ndiyo dhiraa ya kifalme ya Misri, sentimita 52 na nusu hivi. Dhiraa! Neno lile lile la wauza vitambaa wetu wa zamani, kiwiko mpaka ncha ya kidole, ila ya Firauni ilizidi ya kawaida kwa upana wa kiganja.

Mtu mmoja mwenye ufito na subira alirudisha kipimo cha mafundi waliokufa miaka 4,000 kabla yake, na hakung'oa hata jiwe moja.

#4

Hapo kwenye dhiraa umenigusa, bibi yangu alikuwa anapima kanga hivyo hivyo.

Swali la haraka: pua ya ile sanamu yenye kichwa cha mtu na mwili wa simba, si alipiga mizinga Napoleon?

#5 – Mleta uzi

Hapana. Nahodha wa Denmark, Frederik Norden, alimchora Sphinx mwaka 1737, na michoro yake ikachapishwa 1755. Pua haipo. Napoleon alizaliwa 1769. Mwanahistoria wa Kairo al-Maqrizi, wa karne ya 15, anasema iliharibiwa na mtu mmoja wa tarika aliyekasirika kuona wakulima wakiitolea sadaka.

Kwa Napoleon nitapita haraka kwa kuwa habari zake zinajulikana. Alifika Julai 1798 na jeshi, na pamoja nalo wasomi zaidi ya 150: wahandisi, wachoraji, wanahisabati. Walipima na kuchora, na juzuu zao kubwa zilianza kutoka 1809. Jiwe la Rosetta lilipatikana 1799, Mfaransa Champollion akalifumbua fumbo la hieroglifu, maandishi ya kale ya Misri, 1822. Kabla ya hapo kila Mzungu aliyesimama Giza alikuwa kama mtu aliyeingia maktaba asiyejua kusoma.

Nirudi kwa Belzoni, maana kisa chake ndicho kilichonileta hapa.

Giovanni Battista Belzoni alizaliwa Padua, Italia, mwaka 1778. Pande la mtu, zaidi ya futi sita na nusu. Aliishi Uingereza akifanya maonyesho ya nguvu jukwaani, anabeba watu kadhaa mabegani kwa mpigo. Alifika Misri 1815 kumuuzia Muhammad Ali, mtawala wa Misri, mashine ya kuvuta maji ya Mto Nile. Mashine haikukubaliwa. Akabaki hana kazi nchi ya ugenini, na mke wake Sarah yupo naye. Ndipo balozi wa Uingereza, Henry Salt, akamtuma kuhamisha sanamu kubwa ya Ramses kutoka Thebes, tani 7 hivi, naye akaisogeza hadi mtoni kwa magogo, kamba na watu.

Wakati huo piramidi ya Khafre ilijulikana kama iliyofungwa. Watu walirudia habari ya Herodotus, mwandishi wa kale wa Kigiriki, kwamba ndani haina vyumba. Februari 1818 Belzoni aliajiri watu 80 wa vijiji vya jirani, piastri 1 kwa siku kila mmoja, na watoto wa kubeba mchanga. Nusu akawaweka upande wa mashariki, nusu upande wa kaskazini. Kifusi kilikuwa kimegandamana kama saruji, majembe yanapinda.

Siku 16 zikapita bila kitu. Kisha kibarua mmoja akaona upenyo mdogo katikati ya mawe mawili. Belzoni akachomeka fito la mtende, likazama zaidi ya yadi mbili bila kugota. Wakafungua, wakaingia, ikawa ni pango la wavunjaji wa zamani, mawe yananing'inia. Jiwe moja likaporomoka karibu limuue mfanyakazi. Njia haikwenda popote.

Hapo ndipo ninapomheshimu. Badala ya kutafuta baruti alikwenda kukaa mbele ya Piramidi Kuu akaitazama upya. Akagundua mlango wake haupo katikati ya upande wa kaskazini, umesogea mashariki kufuata chumba kilipo ndani. Akapima umbali huo, akarudi kwa Khafre, akasogea mashariki kama futi 30 kutoka pale alipochimba. Machi mosi wakafikia mawe matatu ya itale yaliyolazwa kuteremka. Kesho yake mlango ukafunguka.

Ndani wakakuta kizuizi: bamba la itale lenye unene wa zaidi ya futi moja, limeshuka kama pazia kwenye mifereji ya pembeni. Waliliinua kwa mitalimbo, kidogo kidogo, wakiweka vijiwe chini lisirudi. Nafasi ilipotosha mtu mwembamba, Belzoni kwa mwili wake hakuweza kupita. Aliyepita kwanza na mshumaa alikuwa mfanyakazi Mwarabu, akarudi akasema huko ndani pazuri. Tena wakaliinua ndipo bwana mkubwa naye akapenya.

Kwa hiyo aliyeona upenyo alikuwa kibarua, aliyetangulia na mshumaa alikuwa kibarua, na chumbani palikuwa na saini ya fundi Muhammad. Kitabuni Belzoni amewaandika vibarua wale kwa kazi yao tu, bila majina.

#6

Ina maana walikuta dhahabu ikabebwa kimya kimya?

#7 – Mleta uzi

Jeneza lilikuwa na kifuniko kilichovunjika, ndani udongo na mifupa. Mifupa ikapelekwa London, ikabainika ni ya ng'ombe. Mali, kama ilikuwepo, iliondoka zamani mno, huenda hata kabla Waarabu hawajaingia Misri.

Dhahabu iliyopotea mimi hainisumbui. Kinachonisumbua ni jeneza la Menkaure, na hapo ndipo anaingia Kanali Howard Vyse.

Vyse alikuwa mwanajeshi wa Uingereza, tajiri, na mwenye haraka. Mwaka 1837 yeye na mhandisi John Perring walifanya kazi Giza kwa baruti. Juu ya Chumba cha Mfalme palikuwa na nafasi ya chini moja iliyojulikana tangu 1765, alipoipata Nathaniel Davison. Vyse akalipua kwenda juu, akapata nafasi nyingine nne, akazipa majina ya wakubwa wa Kiingereza: Wellington, Nelson, Lady Arbuthnot, Campbell. Ni majina ambayo Khufu asingeyatambua hata moja. Kwenye mgongo wa Sphinx akatoboa tundu refu kutafuta vyumba, chuma kikanasa, wakatia baruti kukichomoa. Lile tundu ni jeraha lisilo na faida yoyote.

Lakini niwe mkweli kwake pia. Katika nafasi zile za juu, ambazo hazijawahi kuguswa tangu zifungwe, palikuwa na alama za rangi nyekundu za makundi ya wafanyakazi, zenye jina la Khufu ndani ya kile kiduara kirefu cha kifalme. Ndilo jina lake pekee la wakati wa ujenzi lililopatikana ndani ya piramidi hiyo.

Kwa Menkaure aliingia chumba cha chini kabisa akakuta jeneza la jiwe jeusi, ubavuni limechongwa kama ukuta wa jumba la kifalme, kazi ya mkono isiyo na mfano. Akalitoa kwa shida kubwa, likapakiwa kwenye meli iitwayo Beatrice kwenda Uingereza. Oktoba 1838 meli ikaondoka Malta, na haikuonekana tena. Lile jeneza liko chini ya bahari ya Mediterania mpaka leo. Lilikaa gizani salama zaidi ya miaka 4,000, likapotea ndani ya mwaka mmoja na kitu baada ya kukutwa. Tulichobakiwa nacho ni michoro ya Perring.

#8

Mkuu, kuna watu wanasema hizo rangi nyekundu Vyse alizipaka mwenyewe apate umaarufu, na piramidi zilijengwa na watu wengine kabisa kabla ya Wamisri.

#9 – Mleta uzi

Nimeyasoma hayo, na nitajibu kwa heshima. Baadhi ya alama zinaingia kwenye maungio ya mawe, mahali ambapo brashi haipenyi jiwe likishakaa. Ziliandikwa machimboni, mawe yakapangwa baadaye, ndiyo maana nyingine zimekaa ubavu au kichwa chini.

Halafu mwaka 2013 kule Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, timu ya Pierre Tallet ilipata mafunjo ya wakati wa Khufu mwenyewe. Mojawapo ni shajara ya kazi ya msimamizi aitwaye Merer, mwenye kundi la watu kama 40, akiandika siku kwa siku wanavyosafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka machimbo ya Tura hadi Giza. Leo tumepakia, leo tumelala hapa, kesho tumefika. Tuna jina la nahodha wa mawe, kwa mwandiko wa siku zile zile. Mimi siwezi kumpokonya Merer kazi yake nimpe mtu asiyejulikana.

#10

Na hao vibarua wa kienyeji, hakuna hata mmoja aliyetajwa?

#11 – Mleta uzi

Yupo, na nilikuwa namtunza kwa ajili ya swali hili. Anaitwa Ali Gabri, mtu wa kijiji cha Giza. Alipokuwa mtoto alibeba makapu ya kifusi kwa Vyse mwaka 1837. Alikuwepo mwanaastronomia Piazzi Smyth alipokuja kupima mwaka 1865. Mwaka 1872 alifanya kazi na Waynman Dixon, aliyepata vile vijitundu vya Chumba cha Malkia. Mwaka 1880 alipofika kijana Flinders Petrie, Ali ndiye aliyempokea na kumwonyesha kila kitu: hapa alichimba nani, hapa kilitoka nini, hapa pamefukiwa tena.

Petrie aliishi ndani ya kaburi la mwamba pale pale, akafunga mlango, akaweka jiko na vitabu. Ndani ya piramidi alipima usiku watalii wakishaondoka. Misimu miwili, kwa darubini ya kupimia ardhi na minyororo, akapata vipimo vilivyozima nadharia nyingi za ajabu za Smyth, ambazo ndizo hasa zilizomvuta Misri. Alikuja akizipenda, akapima, akaziacha. Na kitabuni mwake Ali Gabri ametajwa kwa jina.

Miaka zaidi ya 40 mtu mmoja alikuwa kumbukumbu ya uwanja mzima wa Giza, na wageni waliokuja na kuondoka walikuwa wanafunzi wake.

#12

Mimi naenda Kairo mwezi ujao kwa matibabu ya mama, tutapata siku moja ya mapumziko. Niingie ipi?

#13 – Mleta uzi

Mungu ampe mama afya. Ingia Piramidi Kuu kama magoti yako ni mazima. Tiketi ya ndani ni tofauti na ya uwanjani, nenda asubuhi mapema kabla ya mabasi. Njia ya kupandia ni ya chini sana, weka mkoba mbele, si mgongoni. Mama asiingie, kuna joto na pumzi inabana. Mkalishe kivulini upande wa nje.

Ukifika Chumba cha Mfalme usikimbilie jeneza. Simama kwenye ukuta mrefu, weka kiwiko kwenye kona, laza mkono kwenye itale, tia alama kwa kidole cha mkono wa pili, sogea, weka tena. Mimi nilifanya hivyo mlinzi akiniangalia bila kusema neno. Jiwe lilikuwa baridi kuliko nilivyotarajia. Kwa Firauni ni dhiraa 20 kamili. Kwa mkono wangu zilifika 23 kasoro kidogo.

Ukirudi andika hapa wewe umepata ngapi.